BETRI IPO, LAKINI HAIONEKANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za kompyuta ya ofisi ya taaluma, ambayo muhula uliopita ilisemekana kwamba betri yake imekufa. Wengi wameuliza ilikuwaje hata ikapona pasipo kununuliwa betri mpya. Nimekubali kuandika kwa sababu mbili. Kwanza, shule nyingi siku hizi zinapewa kompyuta kuukuu, na jambo lililotupata sisi laweza kuwapata wengine. Pili, katika habari hii mimi mwenyewe nina kosa, na kosa likielezwa wazi huwa somo kwa wengine, bali likifichwa huwa mzigo kwa mwenyewe.

MAMBO YALIVYOANZA

Kompyuta ninayoisema ni ile ndogo ikunjwayo kama kitabu, ambayo sote twaiita laptopu. Shule yetu ilipewa ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, na ilikuwa nzito mno kufanya kazi. Kuifungua tu asubuhi, mtu aliweza kwenda bwaloni akanywa uji akarudi, akaikuta bado yajikongoja. Mwalimu wetu wa kompyuta akaamua kuiwekea Linux, na mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi watatu waliomsaidia.

Labda yuko mzazi asiyejua Linux ni kitu gani. Kompyuta haiwezi kufanya kazi bila ya mfumo endeshi, kama vile lori lisivyoweza kwenda bila ya dereva. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, jina lake Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo mpya, akakitoa bure ili kila awezaye akitazame na kukitengeneza zaidi. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wameiongezea kazi hiyo. Leo Linux hupatikana kwa namna mbalimbali. Namna tuliyoiweka sisi yaitwa Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Neno hilo ni la lugha za Kibantu za huko kusini, na ni ndugu wa neno letu "utu". Hapa kwetu nako kazi imefanyika, maana mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisini zilizofasiriwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Faida kubwa kwa shule kama yetu ni kwamba Linux hailipiwi, tena haikatai mashine ya zamani.

Siku ya kuiweka, mashine ilitusumbua kidogo, lakini mwisho ikawaka, tukafurahi. Tafadhali msomaji, yashike maneno hayo "ilitusumbua kidogo", maana nitayarudia.

Tangu siku ile, ile picha ndogo ya betri ambayo hukaa pembeni ya kioo haikuonekana. Hakuna aliyejali, kwa sababu kompyuta ilikaa imechomekwa kwenye chaja mchana kutwa. Ndipo ikaja juma la kuingiza alama za mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Mwalimu wa taaluma aliketi tangu asubuhi akiingiza alama za mikondo miwili. Saa tisa na robo mchana kioo kikawa cheusi ghafla. Hakuna onyo lililotolewa, wala mlio. Alipobonyeza swichi ya taa akaona umeme hakuna. Kazi aliyoifanya tangu mapumziko ya saa nne ilikuwa haijahifadhiwa, ikapotea yote. Umeme uliporudi jioni aliianza upya, na tulipokwenda kulala tuliona taa ya ofisi bado yawaka.

Kesho yake kompyuta ilipelekwa kwa fundi mmoja mjini. Fundi akaitazama, akasema, "Betri imekufa. Hata Linux yenyewe haioni kitu. Nunueni mpya, shilingi 85,000." Fedha iliyokuwapo ofisini ilikuwa ni mchango wa wazazi wetu kwa ajili ya kuchapa karatasi za mazoezi. Basi shauri likawa moja kati ya mawili: ama betri, ama karatasi. Na sisi wa Kidato cha Nne tulikuwa tunazihitaji karatasi zile kama mkulima anavyoihitaji mvua ya kwanza.

BETRI YA KOMPYUTA NI KITU GANI?

Kabla sijaendelea, yafaa tuijue betri yenyewe. Betri ya kwanza ya kutoa umeme mfululizo ilitengenezwa na Mwitaliano Alessandro Volta, akaitangaza mwaka 1800. Ile ya kompyuta zetu ni ya madini ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za namna hii mwaka 1991, mwaka uleule wa kuzaliwa Linux. Na mwaka 2019 wataalamu watatu waliochangia ugunduzi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Bwana Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, na hajapata kutokea mtu mwenye umri mkubwa kuliko huo kupewa tuzo ya Nobel.

Ndani ya ganda la betri mna seli kadhaa. Seli moja hutoa volti 3.6 au 3.7 hivi. Seli tatu zikiunganishwa mfululizo hutoa kama volti 11, kwa hesabu ileile tuliyojifunza katika Fizikia Kidato cha Pili. Lakini mle ndani hamna seli peke yake. Mna pia kibao kidogo cha umeme kilichopewa kazi mbili. Ya kwanza ni kulinda: seli zikichajiwa kupita kiasi, au zikiishiwa kupita kiasi, au zikipata joto kali, kibao hukata mkondo. Ya pili ni kuhesabu na kutoa habari: betri imebaki na umeme kiasi gani, ina volti ngapi, na imezeeka kiasi gani. Ndiyo maana betri ya kompyuta haina meno mawili tu kama betri ya tochi. Ina meno ya kupitisha umeme, na mengine membamba ya kupitisha habari.

KARANI WA MIZANI

Sasa, habari hizo hufikaje kwenye kioo? Hapa nitatumia mfano wa kwetu. Sisi tulio Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, tumezungukwa na mashamba ya pamba. Msimu ukifika, mkulima hupeleka pamba yake kwenye ghala la chama cha msingi. Pale yuko karani wa mizani. Karani hupima, huandika katika daftari, na mkulima hupata stakabadhi. Katibu wa chama, akiwa ofisini kwake, haendi kubeba marobota ili ajue pamba ni kiasi gani. Yeye husoma daftari.

Betri ni ile pamba ghalani. Karani ni kifaa kidogo kilichomo ndani ya kompyuta, kilicho peke yake kama kompyuta ndogo ndani ya kubwa, ambacho huzungumza na betri, chaja, feni na kitufe cha kuwashia. Daftari ni kanuni ziitwazo ACPI, ambazo zilitolewa mwaka 1996 na makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba, ili kila mfumo endeshi ujue namna ya kuuliza habari za umeme katika mashine yo yote. Linux ndiye katibu, na ile picha ya betri kwenye kioo ni stakabadhi tu.

Basi ukiona stakabadhi haina kitu, usiseme upesi kwamba pamba haipo. Huenda pamba haipo kweli. Huenda pamba ipo lakini haikufikishwa mizani. Huenda karani amesinzia. Na huenda karani yupo na daftari lipo, ila katibu ameambiwa asilifungue. Haya ni mambo manne yaliyo mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. Fundi yule aliyaona yote kuwa jambo moja.

NILIVYOPATA SHAKA

Jumamosi ile nilikuwa katika zamu ya kupeleka mahindi ya shule mashineni kusagwa. Mwenye mashine alikuwa akilalamika juu ya siku ile ya kukatika umeme. Akasema, "Siku ile nilipata hasara. Tangu saa nane kamili mashine imenyamaza, na watu wamepanga foleni mpaka nje."

Nikasimama na kiroba begani. Saa nane! Sisi kompyuta ilizimika saa tisa na robo. Ofisi ya taaluma na mashine ya kusaga zapata umeme kwa laini moja. Ikiwa umeme ulikatika saa nane, ni kitu gani kilichoiendesha kompyuta kwa muda wa saa moja na robo? Mchana hakuna aliyewasha taa, kwa hiyo hakuna aliyejua kuwa umeme umekwenda. Jibu lilikuwa moja tu. Betri iliyosemwa kuwa imekufa ndiyo iliyofanya kazi muda wote ule, kimya kimya, mpaka ikaishiwa.

Jumapili baada ya ibada nilimwendea mwalimu wa kompyuta, nikamweleza. Akanitazama, akasema, "Maneno hayo yanapimika. Njoo tupime."

TULIVYOTAFUTA HATUA KWA HATUA

Baba yangu hutengeneza baiskeli gulioni. Kijana akija na gurudumu lisilo na upepo, baba haanzi kwa kung'oa mpira. Hutia mate kwenye valvu akatazama kama kuna povu, maana jambo jepesi na lisilo na gharama ndilo litangulialo. Tukafuata njia hiyo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchaji muda wa kutosha, kisha kuchomoa chaja huku kompyuta inafanya kazi. Haikuzimika! Mwalimu akacheka kwa mshangao. Hapo tukajua seli ni nzima, na meno yapitishayo umeme ni mazima.

Hatua ya pili ilikuwa kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, ule ufunguliwao kabla ya Linux kuamka. Katika kompyuta nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza F2, F10, Esc au Delete mara tu baada ya kuwasha. Mle tukakuta imeandikwa kwamba betri ipo. Basi karani hakusinzia, na meno ya habari nayo ni mazima. Ubaya haukuwa katika betri wala mashine. Ubaya ulikuwa kwa katibu.

Hatua ya tatu ilikuwa kumwuliza katibu mwenyewe. Katika Linux liko dirisha ambamo mtu huandika amri kwa mkono. Linux huweka habari za umeme katika folda maalumu, nasi tukaandika:

ls /sys/class/power_supply

Amri hii huorodhesha kila chanzo cha umeme ambacho Linux inakijua. Betri kwa kawaida huitwa BAT0 au BAT1, na chaja huitwa AC, ADP1 au jina linalofanana na hayo. Msomaji, hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote. Majibu ni ya namna tatu:

1. Ukiona betri na chaja zote mbili, Linux inaiona betri. Taabu iko katika ile picha ya kwenye kioo tu, au katika kuchaji.

2. Ukiona chaja peke yake, katibu analisoma daftari vema, lakini betri haikuandikwa humo. Tazama meno ya betri, au karani, au betri yenyewe.

3. Usipoona cho chote, wala betri wala chaja, basi daftari zima halikufunguliwa. Si rahisi betri na chaja ziharibike siku moja. Tafuta sababu katika Linux.

Sisi hatukuona cho chote, ingawa chaja ilikuwa imechomekwa na taa yake inawaka. Mwalimu akaandika:

sudo dmesg | grep -i acpi

Amri hii hutafuta neno ACPI katika kumbukumbu za Linux tangu ilipoamka. Kama ACPI ingekuwa kazini, tungeona pia habari ya nafasi ya betri, kwamba betri ipo au haipo. Badala yake kulikuwa na mstari uliosema kwamba mkalimani wa ACPI amezuiwa. Nani amemzuia? Mwalimu akaandika amri ya mwisho, ambayo huonyesha maagizo Linux iliyopewa wakati wa kuamka:

cat /proc/cmdline

Mwishoni mwa mstari, kwa herufi ndogo, palikuwa na neno acpi=off. Maana yake ni, "Usitumie ACPI." Mwalimu akasema, "Hili neno limetoka wapi?" Mimi nikanyamaza.

KOSA LANGU

Nilijua limetoka wapi, maana nililiandika mimi. Siku ile tulipoiweka Linux, ile siku niliyosema ilitusumbua kidogo, mashine ilikwama kioo kikiwa cheusi. Mwalimu alikuwa ameitwa na Mkuu wa Shule. Katika karatasi za maelezo alizotuachia palikuwa na shauri kwamba mashine ikikwama, mtu aweza kujaribu kuongeza neno lile. Nikalijaribu, mashine ikawaka. Karatasi ilisema ni la kujaribia tu, lakini mimi nikaliandika katika faili la kudumu ili lisitusumbue tena. Mwalimu aliporudi, tulimwambia, "Imewaka, Mwalimu," naye akatupongeza. Sikumweleza nilivyofanya, wala sikuandika po pote. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimesahau kabisa.

Jioni ile nilimwambia mwalimu kuwa nina kipindi cha kujisomea, nikaondoka. Nilipolala nilifikiri hivi: kesho nitasema nimepata dawa, nitalifuta neno lile, na shule nzima itanisifu. Hakuna atakayejua. Lakini nilimkumbuka mwalimu wa taaluma akiandika upya alama zetu usiku, na nikakumbuka kwamba mchango wa wazazi ulikuwa karibu kutumika kununua kitu kisichohitajika. Nikaona sifa ya namna hiyo ingekuwa ya wizi. Asubuhi kabla ya paredi nilikwenda ofisini, nikamweleza mwalimu wa kompyuta na mwalimu wa taaluma pamoja.

Mwalimu wa taaluma alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kuongeza neno si kosa, kijana. Mashine ilikuwa imekwama, nawe ulitafuta njia. Kosa ni kutoandika. Ungeliandika mstari mmoja katika daftari, mimi ningelala usiku ule." Adhabu yangu ilikuwa kutengeneza daftari la kompyuta za shule, na kila badiliko lifanywalo liandikwe humo pamoja na tarehe, jina na sababu. Ukurasa wa kwanza niliandika kosa langu mwenyewe.

TULIVYOIPONYA

Tulianza kwa kujaribu, si kwa kudumu. Tuliiwasha upya mashine, tukashika kitufe cha Shift ili orodha ya kuamshia itokee. Katika mashine nyingine hubonyezwa Esc. Tukabonyeza herufi e, tukatafuta mstari unaoanza na neno linux, tukafuta acpi=off, kisha tukabonyeza F10. Badiliko la namna hii ni la mara moja tu. Mashine ikikataa, waizima na kuiwasha, na mambo hurudi kama yalivyokuwa.

Haikukataa. Wakati wa likizo mwalimu alikuwa ameipeleka mahali penye intaneti, ikapata kiini kipya cha Linux, na ile dosari ya kukwama ilikuwa imekwisha kuondoka. Kumbe neno langu lilikuwa limebaki kama gongo mkononi mwa mtu aliyekwisha kupona mguu. Kioo kilipofunguka, picha ya betri ilikuwa pembeni, imetulia, kana kwamba haikupata kutoweka.

Ndipo tukaliondoa neno lile kwa kudumu. Tulifungua faili kwa amri hii:

sudo nano /etc/default/grub

Tukafuta acpi=off peke yake, tukahifadhi, kisha tukaandika sudo update-grub, maana pasipo amri hiyo ya pili badiliko halishiki.

Mambo mengine mawili yalipona siku hiyohiyo. Hapo awali kompyuta ilikuwa haizimiki yenyewe. Mwalimu aliiagiza kuzima, ikabaki inawaka, mpaka ashike kitufe kwa muda. Sote tulidhani ni uzee. Tena feni ilikuwa ikivuma mchana kutwa. Yote hayo yalikuwa ni dalili za ACPI kufungwa, maana kuzima umeme na kuipumzisha mashine ni kazi zake pia. Laiti tungezisoma dalili tatu pamoja, tungelijua mapema.

JE, BETRI ILIKUWA NZIMA KABISA?

La, na sitaki kumdanganya mtu. Linux ilipoanza kuiona, tuliisoma hali yake kwa amri hizi mbili:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full

Ya kwanza huonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya, ya pili huonyesha uwezo wake sasa. Hesabu hutolewa kwa sehemu za milioni za wati-saa, kwa hiyo twagawanya kwa 1,000,000. Baadhi ya betri hutoa majina yaanzayo na charge badala ya energy, lakini ulinganifu ni uleule. Yetu ilipokuwa mpya ilikuwa na uwezo wa 48.84. Sasa ina 26.4. Ukigawanya utapata asilimia 54. Ni mzee, lakini bado atembea.

Sasa tuijaribu hesabu ya mashine ya kusaga. Siku ile betri ilidumu saa moja na robo, yaani saa 1.25. Chukua 26.4 ugawanye kwa 1.25, utapata wati 21 hivi. Ndicho kiasi mashine ilichokuwa ikila, feni ikivuma. Baada ya ACPI kufunguliwa tulipima tena, ikawa inakula wati 12 kwa kazi ya kuandika. Chukua 26.4 ugawanye kwa 12, utapata saa 2.2, yaani saa mbili na dakika 12. Betri ni ileile, lakini muda umeongezeka kwa karibu saa moja. Na zaidi ya hayo, sasa mashine hutoa onyo kabla ya kuishiwa, mtu akapata nafasi ya kuhifadhi kazi yake. Betri isiyoonekana ina hatari kuliko kutokuwa na betri kabisa, maana humbeba mtu mpaka katikati ya mto, kisha humwacha bila ya kumwonya.

KWA WALE AMBAO TAABU YAO SI KAMA YETU

Wengine watapata jibu la pili katika ile orodha yangu, yaani chaja yaonekana, betri haionekani. Hao nawashauri hivi.

Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri ikiwa ni ya kutoka. Shika kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika, kisha rudisha vyote na uwashe. Kufanya hivyo humwamsha karani aliyesinzia. Ikiwa haikusaidia, tazama meno ya betri. Vumbi letu la kiangazi halina huruma, na meno ya habari ni membamba. Yafute kwa kitambaa kikavu, wala usitumie maji. Ukiweza kuazima betri ya kompyuta ya aina ileile, ijaribu. Ikionekana, basi yako ndiyo mbovu, na hapo ndipo fedha itoke. Ikiwa hata ukurasa wa mipangilio ya mashine hauioni betri, usiilaumu Linux.

Tena kuna jambo ambalo sharti nilionye kwa nguvu. Usiifungue betri ya lithiamu kwa kisu, usiitoboe, usiitupe motoni. Ikiwa imevimba, iache kutumika siku hiyohiyo, wala usiichaji. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchukua bisibisi ili nitazame seli, na mwalimu wa Fizikia akanizuia. Seli hizo zikigusana vibaya huwaka moto ambao ndoo ya mchanga yaweza isiushinde.

MWISHO

Ndugu wasomaji, shilingi 85,000 zilibaki ofisini, na karatasi za mazoezi zilichapwa. Zile mlizofanya Jumatano zote ndizo hizo. Nasi tulioondoka na funzo ni wengi kuliko mimi peke yangu. Daftari la kompyuta lipo katika ofisi ya taaluma, limefungwa kwa uzi kwenye meza, na kalamu iko pembeni yake. Mimi naondoka shuleni mwezi wa Novemba baada ya mtihani wa taifa. Nawaomba ninyi wa Kidato cha Tatu msiliache likae tupu. Ye yote atakayeongeza neno katika mashine, hata likiwa na herufi saba tu kama langu, aliandike.